Fail2ban, Cloudflare ya bure na wenzake: zana za kumzuia aliyefungiwa, kwa wenye tovuti Nyanda za Juu Kusini

Kwa mwenye tovuti ya matangazo ya biashara aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, hukumu yetu tunaitoa mapema. Fail2ban, programu inayofunga anwani zinazokosea mara nyingi, isakinishwe leo. Cloudflare ya bure, huduma ya kuchuja wageni, iwekwe mbele ya seva, ila kwa uangalifu tutakaoueleza. Maktaba za kusoma alama za kivinjari, yaani programu zinazokipima kivinjari cha mgeni ili kimtambulishe, zitumike kama shahidi, zisikalie kiti cha hakimu. Na pesa yoyote uliyonayo ya kulipia ulinzi ipeleke kwenye uhakiki wa namba ya simu kwa SMS, kwa sababu huko ndiko mtu aliyefungiwa anakoshikika kweli.

Tatizo lenyewe linafahamika. Mtu anaweka tangazo la parachichi za Rungwe au mbao za Mafinga, anapokea malipo ya awali, anazima simu. Akaunti yake inafungiwa. Kesho yake yupo tena kwa jina jingine, na tangazo lilelile limebadilishwa picha. Mwenye tovuti anakwenda kwa fundi na kusema, "Mfungie kompyuta yake asiingie tena." Ombi hilo ndilo chanzo cha kazi nyingi mbovu, maana tovuti haiioni kompyuta ya mtu jinsi watu wengi wanavyodhani.

Namba ya MAC ya kadi ya mtandao huishia kwenye ruta ya kwanza, haivuki kwenda intaneti. Tena simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hubuni namba ya MAC tofauti kwa kila Wi-Fi. IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, nayo kivinjari hakiwezi kuisoma kabisa, na tangu Android 10 hata programu za kawaida zilizosakinishwa kwenye simu zimenyimwa ruhusa hiyo. Anayekuuzia mfumo wa "kuzuia kwa IMEI" kwa ajili ya tovuti, mwambie akuonyeshe anaisomaje. Kinachofika kwenye seva yako ni anwani ya IP, namba ya mlango (port) wa muunganisho, aina ya kivinjari, kuki (vifaili vidogo vya utambulisho) ulizompa mwenyewe, namna kivinjari kinavyofungua muunganisho, na yale ambayo JavaScript inaweza kuyapima ndani ya ukurasa. Basi.

Tuanze na anwani ya IP, kwa kuwa ndiyo watu wanayokimbilia na ndiyo inayoumiza wasiohusika. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Makampuni ya simu yakalazimika kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 likatengwa hata fungu maalumu la kazi hiyo, 100.64.0.0/10, la kutumika ndani ya mitandao yao. Kwa hiyo mteja wa bando aliyeko Uyole, mwingine wa Makambako na mwingine wa Tunduma wanaweza kufika kwenye tovuti yako kwa anwani moja, dakika ileile. Ukiifunga, umewafunga wote watatu pamoja na mamia usiowaona. Tapeli mwenyewe anawasha hali ya ndegeni, anaizima, anapewa anwani nyingine, na anaendelea na kazi yake.

Mfano mkubwa kuliko wote ulitokea Wikipedia, mwaka 2006 ukiisha na 2007 ukianza. Msimamizi alifungia anwani moja iliyokuwa inatumika kuharibu kurasa, kumbe karibu Qatar nzima ilikuwa inapitia anwani hiyo. Watu wa nchi ile wasio na akaunti wakashindwa kuhariri mpaka ilipofunguliwa. Kwetu ukubwa ni mdogo lakini mantiki ni hiyohiyo: chuo kizima pale Iyunga au Mkwawa kinaweza kutokea mtandaoni kwa anwani chache mno, na steshenari yenye kompyuta nane za kujazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu inatokea kwa anwani moja. Funga anwani ya steshenari kwa mwezi mmoja na umemnyima mwenye duka wateja wake kwa kosa la mtu aliyekaa pale nusu saa.

Kanuni tunayoipendekeza ni kupanga muda kulingana na aina ya anwani. Ya mtandao wa simu, dakika 15 hadi 60, isizidi hapo. Ya ofisi au nyumba yenye fiber, saa 24. Ya kampuni ya kukodisha seva, ambako mtu wa kawaida hakai kuperuzi, hata miezi. Kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani, usifunge anwani moja, kwa sababu kifaa hubadilisha sehemu yake ya mwisho mara kwa mara kwa ajili ya faragha. Funga fungu lote la /64 (anwani zote zenye biti 64 za mwanzo zinazofanana), ambalo kwa kawaida ni la mtandao mmoja wa nyumbani au laini moja ya simu. Katika hili IPv6 ina haki zaidi kuliko IPv4, na mwenye seva ambaye bado hajaiwasha anajinyima.

Sasa Fail2ban. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Python. Inasoma logi (kumbukumbu za matukio) za seva, na ikiona anwani imekosea mara kadhaa inaiambia ngome (firewall) ya Linux iifunge kwa muda. Kwa chaguo-msingi, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanamfungia mtu dakika 10. Ufupi wa muda huo ni busara, usiukimbilie kuufanya wiki. Badala yake washa bantime.increment, ili anayerudia aongezewe muda kila mara na aliyekosea nywila kwa bahati mbaya arudi haraka.

Kusakinisha ni amri moja, apt install fail2ban. Mipangilio yako iandike kwenye jail.local, ukiigusa jail.conf, masasisho yatakuja kuifuta. Kwenye Debian 12, aina ya Linux, wengi hukwama hapohapo: huduma inakataa kuwaka kwa sababu faili la /var/log/auth.log halipo, kwani logi zimehamia kwenye jarida la systemd. Dawa ni kuandika backend = systemd chini ya [sshd], sehemu ya kuingia kwenye seva kwa SSH, na kuhakikisha kifurushi cha python3-systemd kipo. Weka anwani ya ofisi yako kwenye ignoreip kama ni ya kudumu, la sivyo siku moja utajifungia nje ya seva yako mwenyewe. Hali utaiona kwa fail2ban-client status sshd, na kumfungulia mtu ni fail2ban-client set sshd unbanip ikifuatwa na anwani yake.

Kwa kuwazuia wanaobahatisha nywila, hatujaona kitu kilicho chepesi na cha uhakika kama hiki, hata kwenye seva ndogo ya kukodi. Lakini Fail2ban haijui akaunti wala mtu. Ili ikusaidie kwa aliyefungiwa, tovuti yako yenyewe iandike mstari kwenye logi kila akaunti iliyofungiwa inapojaribu kuingia, mathalani AKAUNTI_IMEFUNGIWA ip= ikifuatwa na anwani, kisha utengeneze kichujio kinachotafuta mstari huo na kutumia <HOST> mahali pa anwani. Anwani itangulie, jina la mtumiaji lifuate, na kichujio kianze na alama ya ^ ya mwanzo wa mstari. Ukiruhusu maneno aliyoyaandika mtumiaji yatangulie, mjanja atajaza kwenye sehemu ya jina mstari mzima wa uongo wenye anwani ya mtu mwingine, na seva yako itamfungia asiye na kosa. Kabla ya kuwasha, kijaribu kichujio kwa fail2ban-regex dhidi ya logi halisi.

Cloudflare ni huduma ya kukaa katikati: mgeni anafika kwao, wao ndio wanaokuja kwako. Ukishaelekeza seva za majina za kikoa chako kwao kupitia msajili wako wa .co.tz, mpango wa bure unakupa kanuni 5 za kujitungia. Ni chache lakini zinatosha. Ya kwanza tungeitumia kwa anwani za makampuni ya kukodisha seva yanapogusa ukurasa wa kujisajili au wa kuweka tangazo. Hapo usizuie moja kwa moja, chagua kumpa mgeni changamoto. Sababu ni VPN, huduma ya kupitisha mtandao wa mtu kwenye seva nyingine. Mtumiaji wa VPN hutokea kwa anwani za makampuni hayohayo, na si kila mwenye VPN ni mhalifu. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, maana yake wapo wanaoitumia kwa shughuli halali kabisa za ofisi. Changamoto inawaacha watu hao wapite na inawachosha wanaofungua akaunti kwa programu za kujiendesha.

Hapa ndipo penye kosa baya kuliko yote katika ujenzi huu, na tunaliona kwenye seva nyingi. Ukiweka Cloudflare mbele bila kurekebisha seva, logi zako zitaonyesha anwani za Cloudflare tu. Fail2ban haina habari. Mtu mmoja akikosea nywila mara tano, inaifunga anwani ya Cloudflare, na sehemu ya wageni wako wanapotea bila wewe kuelewa. Kwenye Nginx, programu ya seva ya tovuti, orodhesha mafungu ya anwani za Cloudflare kwa set_real_ip_from, kisha andika real_ip_header CF-Connecting-IP. Hata ukifanya hivyo bado kuna hatua moja: logi sasa ina anwani ya kweli ya mgeni, lakini ukiifunga kwenye ngome ya seva hakuna kinachotokea, kwani pakiti zake zinaletwa na Cloudflare. Ni lazima Fail2ban itumie kitendo chake cha cloudflare, kinachopeleka zuio kwao kwa ufunguo wa API, njia ya programu kuzungumza na huduma yao.

Na funga milango ya 80 na 443 ya seva kwa kila mtu isipokuwa mafungu ya Cloudflare. Anwani ya seva yako ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu za DNS (majina ya tovuti na anwani zake) zilizohifadhiwa na watu wengine. Aliyefungiwa akiipata anapita uchochoroni, kanuni zako zote tano zikimsubiri barabarani. Vilevile usiamini kichwa cha X-Forwarded-For, kinachotaja anwani ya mgeni, kinapotoka kwa yeyote. Mgeni anaweza kujiandikia anwani anayoitaka.

Turnstile, kapcha (jaribio la kuthibitisha mgeni si roboti) ya Cloudflare iliyotoka mwaka 2022, tunaipenda kwa fomu ya kujisajili kwa kuwa mara nyingi haimsumbui mtu kuchagua picha za taa za barabarani. Tokeni yake, msimbo unaothibitisha kwamba mgeni amepita, hutumika mara moja na huishi sekunde 300. Seva yako ni lazima iihakiki. Kuweka kisanduku kwenye ukurasa bila kuhakiki upande wa seva hakuzuii chochote, na tovuti za namna hiyo ni nyingi kupita kiasi. Zile sekunde 300 nazo zizingatiwe. Muuzaji wa viazi aliyeko Makete, mtandao unakatika, anapakia picha nne za magunia. Akibonyeza kutuma tokeni imeshakufa. Weka kisanduku kijisasishe, au kiweke kwenye hatua ya mwisho baada ya picha kupanda.

Kitu kimoja kwenye huduma hii kinatukera kwa ajili ya watumiaji wetu. Anayezuiwa na Cloudflare huona ukurasa wa Kiingereza wenye Ray ID, yaani namba ya tukio lake, na wengi hudhani tovuti imekufa. Ile Ray ID ndiyo unayoitafuta kwenye orodha ya matukio ya usalama ili ujue kanuni gani ilimkamata, kwa hiyo wafundishe wahudumu wako waiombe. Ila kwa mtu aliyefungiwa kwa kosa la kibiashara, zuio liwe ndani ya tovuti yako, kwa Kiswahili, likieleza sababu, muda, na namba ya kukata rufaa.

Kuki hatutakaa nazo sana. Mpe kila mgeni kuki yenye utambulisho wa nasibu, itolewe na seva, iwe HttpOnly, Secure na SameSite=Lax, Max-Age 34560000, yaani siku 400 ambazo Chrome inaziruhusu kwa upeo. Kuki iliyoandikwa kwa JavaScript kwenye Safari inakufa baada ya siku 7, ndiyo maana tunasisitiza itoke kwenye seva. Anayejua atafuta kuki au atafungua dirisha la faragha. Matapeli wengi hawajui, na gharama yake kwako ni sifuri. Akaunti mpya ikifunguliwa na kuki ya akaunti iliyofungiwa, ipeleke kwa mtu aikague kwanza. Kwenye kompyuta ya steshenari kuki ni ya kiti, na mteja wa saa nne si yule wa saa tano.

Maktaba za alama za kivinjari, FingerprintJS ikiwa inayojulikana zaidi, huahidi makubwa. Zinakusanya ukubwa wa skrini, lugha, saa za eneo, fonti, kadi ya michoro na namna kivinjari kinavyochora picha ya siri kwenye kanvasi, mbinu iliyoelezwa na watafiti Mowery na Shacham mwaka 2012, kisha zinatoa hashi moja, yaani msimbo mfupi unaowakilisha vipimo hivyo vyote. Jaribio la mwaka 2010 la EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, lilikuta asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopimwa havina pacha, na takwimu hiyo bado inanukuliwa kwenye matangazo ya mauzo. Wanaojitokeza kwenye jaribio la namna ile ni watu wenye kompyuta za kipekee. Watafiti wa Ufaransa walipopima alama zaidi ya milioni 2 kwenye tovuti ya kawaida, matokeo yao ya mwaka 2018 yakawa asilimia 33.6 tu, na kwa simu asilimia 18.5.

Hata hizo 18.5 tunaamini ni nyingi kwa mazingira ya kwetu. Pale Mwanjelwa au Miyomboni, wateja wananunua Tecno na Infinix za aina chache zilezile: skrini ileile, chipu ileile, Chrome ileile inayojisasisha, saa za Afrika Mashariki. Tangu Chrome 110 ya mwaka 2023, Chrome ya simu zote za Android hujitambulisha kwa maneno "Android 10; K" bila kujali toleo wala modeli. Hashi ya kanvasi ya simu mbili za modeli moja mara nyingi inalingana. Kwa hiyo ukimfungia mtu kwa hashi peke yake, umeifungia modeli nzima. Kompyuta za steshenari zilizosakinishwa Windows kutoka nakala moja nazo hutoa alama zinazofanana. Na upande wa pili, Chrome ikijisasisha hashi inaweza kubadilika, ukampoteza uliyekuwa unamfuata.

Alama za muunganisho wa TLS (muunganisho uliosimbwa wa HTTPS), JA3 ya mwaka 2017 na JA4 ya 2023, zina kazi tofauti. Zinatambua programu iliyotumika, si mashine. Mgeni anayejitambulisha kama Chrome huku muunganisho wake ni wa hati ya Python anakamatwa hapo papo hapo. Kumfuata mtu mmoja kwa JA3 haiwezekani.

Tuje kwenye namba ya simu, ambako tungeweka pesa. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA zilianza kuzimwa. Barua pepe mpya ni dakika mbili na bure. Laini mpya inahitaji kidole cha mtu, na mwenye kitambulisho anaweza kupiga *106# akaona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Hakuna alama ya kivinjari inayokaribia uzito huo. Tuma msimbo wa tarakimu 6, uishi dakika 5 hadi 10, majaribio yasizidi 5, na weka ukomo wa SMS kwa kila namba na kwa kila anwani, vinginevyo mtu atakumalizia salio la SMS kwa usiku mmoja.

Linaloharibika hapa ni dogo na la aibu: 07 na namba nane zinazofuata, +2557 na zilezile, 2557 na zilezile, pamoja na nafasi katikati. Mfumo usiosawazisha unaziona kama watu wanne. Ondoa kila kisicho tarakimu, geuza sifuri ya mwanzo iwe 255, hakikisha jumla ni tarakimu 12, ndipo ulinganishe na orodha ya waliofungiwa. Fanya hivyohivyo kwa Gmail, ambayo haijali nukta kwenye jina wala chochote kinachofuata alama ya kujumlisha. Anwani kumi tofauti machoni pa tovuti yako zinaweza kuingia kwenye sanduku moja. Usifunge namba milele. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni, na baada ya muda namba ya tapeli itakuwa ya mwalimu huko Ludewa. Mwaka mmoja, kisha ipitie upya.

Ukihifadhi namba za waliofungiwa kama hashi ya kawaida ya SHA-256, hujaficha kitu: namba za simu za nchi nzima zinaweza kujaribiwa zote kwenye kompyuta ya kawaida kwa muda mfupi. Tumia HMAC, hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri, na ufunguo wake ukae nje ya hifadhidata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume yake, na orodha ya namba, kuki na anwani za waliofungiwa ni taarifa za watu. Eleza kwenye masharti unakusanya nini na utakitunza kwa muda gani.

Ikiwa utapeli umefika polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, anwani ya IP peke yake haitoshi kwa sababu ileile ya wengi kushirikiana anwani. Kampuni ya simu itahitaji anwani, namba ya mlango wa mteja na muda kamili hadi sekunde. Logi ya kawaida ya Nginx haina mlango. Ongeza $remote_port kwenye log_format, na uisawazishe saa ya seva kwa NTP, huduma ya saa ya mtandaoni. Nyuma ya Cloudflare mlango wa kweli wa mteja hutauona hapo, hivyo namba ya simu iliyohakikiwa na muda wa kuhakikiwa ndivyo vitakavyobeba shauri.

Mpangilio tunaouidhinisha kwa tovuti ya wastani ya mazao au mbao ni huu. Namba ya simu ihakikiwe kabla ya tangazo la kwanza, si wakati wa kuperuzi. Kuki na hashi ya kivinjari zikilingana zote mbili na za aliyefungiwa, tangazo lisubiri msimamizi, lisikataliwe na mashine. Turnstile kwenye kujisajili, Fail2ban kwenye kuingia na kwenye SSH, kanuni za Cloudflare kwa anwani za seva za kukodi. Anwani za mitandao ya simu zisiingie kwenye orodha yoyote ya kudumu, na kila zuio liandikwe pamoja na tarehe ya kuisha, sababu, na jina la msimamizi aliyeliweka. Orodha ya zamani isiyo na tarehe ifutwe yote kabla ya kuanza upya, kwani anwani zilizomo leo zinatumiwa na watu wengine.